Nani Atamlilia Mpiga Ngoma?

Katika nchi ya Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mtu hazikwi ovyo. Hata kama marehemu aliishi miaka arobaini Dar es Salaam au Tanga, ndugu huchanga, gari hutafutwa, na mwili hurudishwa kihambani, ukalazwa kati ya migomba na mibuni, karibu na wazee waliotangulia. Na katika mazishi hayo husomwa habari za maisha yake: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Watu husikiliza kwa makini, kwa maana kusoma huko ni namna ya kulipa deni. Marehemu hupewa jina lake na kazi yake mbele ya wote.

Yafaa tuitumie desturi hiyo njema kumpima mtu mmoja ambaye mara nyingi hupita duniani bila kusomewa habari zake. Mtu huyo ni mpiga ngoma wa bendi. Mwimbaji twamjua kwa sura, na mpiga gitaa twamtaja kwa jina. Lakini yule aketiye nyuma yao, anayetoka jasho tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ni wangapi kati yetu waliopata kuuliza anaitwa nani?

Tarehe 24 Agosti 2021 alifariki London mpiga ngoma mashuhuri wa muziki wa roki, Charlie Watts, akiwa na umri wa miaka 80. Alikuwa mtoto wa dereva wa lori wa kampuni ya reli. Alipokuwa kijana alinunua banjo, akaona haimfai, akaing'oa shingo na kuligeuza tumbo lake kuwa ngoma. Mwaka 1963 alijiunga na bendi ya Rolling Stones, naye hakuiacha mpaka kufa kwake. Wapenzi wa muziki ule walimlilia katika mabara yote. Na bendi ilipoanza tena safari ya maonyesho mjini St. Louis, Marekani, Septemba ya mwaka ule ule, onyesho lilifunguliwa kwa mlio wa ngoma tu, jukwaa likiwa tupu, huku picha zake zikionyeshwa. Ndipo wenzake walipotokea.

Msomaji wa Kibosho aweza kuuliza: Je, huyo Mwingereza anatuhusu nini sisi? Twamjibu kwamba yatuhusu kazi yake, si utaifa wake. Mpiga ngoma za bendi hufanya kazi ya watu wanne. Mguu wa kulia hupiga ngoma kubwa; mguu wa kushoto hubana na kufungua matoazi mawili; mkono mmoja hulinda mwendo juu ya matoazi hayo, na mwingine hutia pigo zito katika ngoma ndogo. Akiharakisha kidogo, wote huharakisha. Akilegea, wimbo wote hulegea. Watts alikuwa na desturi yake mwenyewe: kila fimbo yake ya kushoto iliposhuka juu ya ngoma ndogo, mkono wa kulia ulikaa kando usiguse toazi, ili pigo lile lisikike peke yake. Hakuwa mtu wa makelele wala wa kujitanguliza. Alishika zamu yake kwa miaka hamsini na minane, nao watu walipomkosa ndipo walipotambua wazi kwamba yeye ndiye aliyewachukua wengine mabegani.

Afrika nayo ilikuwa imefiwa mwaka uliotangulia. Tarehe 30 Aprili 2020 alifariki mjini Paris Tony Allen, Mnaijeria aliyekuwa na umri wa miaka 79. Alianza kama fundi wa redio mjini Lagos, akajifunza ngoma mwenyewe, kisha akawa nguzo ya bendi ya Fela Kuti. Fela mwenyewe alikiri kwamba bila Tony Allen muziki wao usingekuwako. Lakini sifa ni kitu kimoja na malipo ni kingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Allen aliiacha bendi ile, na mojawapo ya sababu lilikuwa suala la haki na mapato. Hapo ndipo jambo letu linapoanza kuuma: mtu aweza kusifiwa na dunia nzima huku chungu chake kikiwa kitupu.

Sasa na turudi nyumbani. Kwa miaka mingi, katika nyumba za Kibosho kama katika nyumba nyingine zote za Tanzania, saa ya habari ilipofika watu walinyamazishana. Redio iliwekwa juu ya meza, majirani wasiokuwa na redio wakaja kuketi, na ngoma ikalia. Baada ya ngoma ile ndipo msomaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam alipotoa habari. Ndiyo njia ambayo mambo makubwa ya nchi yalipanda mlimani. Redio hiyo hiyo ndiyo iliyotangaza vifo, na kwa tangazo kama hilo familia nyingi zilipata kujua kwamba ndugu yao hayupo tena, na kwamba mwili wake u njiani kuja.

Ngoma ile ilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyezipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga zote peke yake, kila moja na sauti yake, hata asiyejua akadhani ni kundi zima. Hakuyaona macho ya waliomsikiliza, nao wasikilizaji wengi hawakupata kuuona uso wake. Waziri na mchunga ng'ombe waliisikia mikono yake kwa saa ile ile. Pengine hakuna msanii wa nchi hii aliyesikika mara nyingi zaidi kuliko yeye. Hata hivyo, muulize kijana wa leo jina la mpigaji. Ngoma ataikumbuka, jina hatalijua. Mlio ulikuwa mali ya taifa zima, na aliyeutoa akabaki nyuma ya mlio wake.

Wafanyakazi wana sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Mwaka 1964 chama chao, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Vijana wa TANU nao wakawa na Vijana Jazz, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Bendi ya wafanyakazi ilibadili jina kila chama chao kilipobadilika, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikajulikana kama Msondo Ngoma. Msondo ni nini? Ni ngoma ndefu ya asili. Kwa hiyo bendi ya wafanyakazi wa Tanzania imekuja kujulikana kwa jina la ngoma.

Mpango ule ulikuwa na wema mkubwa. Mwanamuziki alipata mshahara kama mfanyakazi mwingine, na hakulazimika kununua vyombo vya bei kubwa. Lakini tuseme kweli: ulikuwa na upungufu wake. Vyombo vilikuwa mali ya chama au shirika. Mwanamuziki aliyeondoka aliacha ngoma pale pale alipoikuta, na nyimbo alizosaidia kuziunda zilibaki katika kanda za redio. Akizeeka, alikuwa na nini mkononi ila kumbukumbu? Marehemu Muhidin Gurumo, mwimbaji aliyetumikia NUTA Jazz tangu siku zake za mwanzo, alipotangaza kustaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka hamsini ya muziki, ilijulikana kwamba hakuwa hata na gari. Kijana Diamond Platnumz akamzawadia gari, na hilo lilikuwa tendo la heshima. Mwezi Aprili 2014 mzee huyo alifariki, akaliliwa nchi nzima. Ikiwa mwimbaji, ambaye jina lake kila mtu analijua, alistaafu katika hali hiyo, seuze mpiga ngoma ambaye jina lake halitajwi! Na zawadi ya mtu mmoja mkarimu, ijapokuwa njema, haiwezi kushika mahali pa haki ya watu wote.

Wapo watakaosema kwamba muziki ni starehe tu, na kwamba mtu aliyechagua kupiga ngoma badala ya kushika jembe asilalamike. Watu wa Kibosho wasikubali upesi hoja hiyo, kwa maana wao na jirani zao wa mlimani waliwahi kuisikia kwa sura nyingine. Hapo zamani mkulima wa kahawa aliyekwenda sokoni peke yake na gunia lake alipewa bei aliyoitaka mnunuzi. Kahawa yake ilinywewa ng'ambo, na aliyeinywa hakujua kama kuna mtu aliyeipalilia. Kwa ajili hiyo wakulima waliungana mwaka 1925 katika chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikaandikishwa Chama cha Ushirika cha KNCU. Hawakuomba huruma. Walidai kwamba mtu aliyetoa jasho ahesabiwe penye faida. Mpiga ngoma naye ana shamba lake, na mavuno yake ni pigo lile linalouzwa redioni, barazani na sasa katika simu, mara nyingi bila yeye kuulizwa.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, haimlindi mtunzi peke yake. Humtambua pia mwenye kucheza au kupiga, na kwa sheria hiyo iliundwa COSOTA. Lakini sheria isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Mwenye baa na mwenye hoteli mjini Moshi, ambaye muziki humletea wateja, na alipe ada inayompasa bila kukimbizwa. Mtangazaji na ataje majina ya wapigaji wote, si la mwimbaji tu. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ambavyo bendi zake zilitupa furaha kwa miongo mingi, na wafungue makabati yao waone ni nani waliopiga na warithi wao wako wapi. Kanda za zamani za redio ya taifa na zihifadhiwe zisioze, tena zihifadhiwe pamoja na majina, kwa maana mlio bila jina ni nusu ya urithi.

Kibosho kwenyewe iko kazi ya kufanya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa muziki wa wenyeji katika ibada, mwezi Desemba 1963, ngoma ilipata nafasi kanisani, na leo makwaya ya parokia hayaendi bila mpigaji. Mpigaji huyo ni fundi seremala, au mwalimu, au mkulima anayetoka kupalilia migomba. Walimu wa Umbwe na wa shule nyingine za tarafa wawatume wanafunzi wakamhoji angali hai: alijifunza kwa nani, ngoma yake yatengenezwa kwa mti gani na ngozi gani, alimpokea nani kijiti. Daftari moja la namna hiyo lina thamani kuliko hotuba kumi za makaburini.

Kumlilia mpiga ngoma ni haki, na waliomlilia Watts na Allen hawakukosea. Lakini wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa, wala hawakusema hutunzwa akisha kuzikwa. Tumpe mpiga ngoma wetu jina lake wakati masikio yake yanasikia, na ujira wake wakati mikono yake ingali na nguvu ya kuupokea. Na siku atakapoletwa kihambani, atakayesimama kusoma habari zake awe na karatasi iliyojaa.