Mwanga Mweupe kutoka Perovskaiti za Halaidi

Mwanafunzi, anza na jambo ambalo wengi hulikosea: diodi ya kawaida haitoi mwanga mweupe yenyewe. Ndani ya taa ya LED ya nyumbani mna kipande cha semikondakta kinachotoa bluu, kilichofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Rangi hizo mbili zikifika jichoni pamoja, unaona nyeupe. Kasoro yake ni uhaba wa wekundu, ndiyo maana chini ya taa duni nyanya iliyoiva huonekana imefifia.

Perovskaiti lilikuwa jina la madini ya Milima ya Ural, CaTiO₃, yaliyotambuliwa mwaka 1839. Siku hizi ni jina la jamii nzima ya fuwele zenye mpangilio wa ABX₃. Katika perovskaiti za halaidi, X ni klorini, bromini au iodini.

Chukua CsPbBr₃. Pengo lake la nishati ni kama 2.4 eV. Kwa hiyo:

λ = 1240 ÷ 2.4 ≈ 517 nm, yaani kijani.

Weka iodini mahali pa bromini, pengo hupungua na mwanga huwa mwekundu. Weka klorini, pengo huongezeka na mwanga huelekea urujuani. Isitoshe, fuwele hizi hupatikana kwa kuchanganya chumvi ndani ya kimiminika. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge walionyesha diodi za perovskaiti zikiwaka katika joto la kawaida la chumba.

Utauliza: basi si tuchanganye nyekundu, kijani na bluu? Hapa ndipo penye ugumu. Ioni za halaidi hazitulii. Ukiweka CsPbBr₃ na CsPbI₃ pamoja, hubadilishana bromini na iodini, na badala ya rangi mbili unabaki na moja ya katikati. Tena kuna risasi (Pb): fuwele hizi huharibika zikipata maji, na risasi ikiingia mwilini hudhuru ubongo, hasa wa mtoto.

Njia nyingine ni kuiacha risasi kabisa. Katika Cs₂AgInCl₆, elektroni iliyosisimuliwa huupinda mpangilio wa atomi zilizo karibu nayo, ikanaswa humo, kama mtu anayezama kwenye godoro laini. Fotoni hutoka na nishati nyingi tofauti, hivyo dutu moja hutoa nyeupe. Peke yake hung'aa kwa shida. Mwaka 2018 watafiti walibadilisha sehemu ya fedha kwa sodiamu, wakatia bismuthi kidogo, na ufanisi ukafika karibu asilimia 86.

Angalia vizuri: ufanisi huo ulipimwa kwa kuimulika dutu kwa mionzi ya urujuanimno. Kuiwasha kwa umeme moja kwa moja ni kazi ngumu zaidi, na mtahini anaweza kukutega hapo.

Jipime: Fuwele ina pengo la 1.8 eV. Kokotoa urefu wa wimbi la mwanga wake, taja rangi, kisha eleza kwa nini CsPbI₃ haichanganywi na CsPbBr₃ katika tabaka moja.