Mtetemo Una Hesabu Yake

Pikapu inapotetemeka ikifika kilomita 100 kwa saa na kutulia ikishuka chini ya 80, mwenye gari huwa ameshapewa majibu manne: kabalansi tairi, funga bolijointi, badilisha shokapu, angalia krosi. Yote yanawezekana, na hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu vipuri hufungwa kimoja baada ya kingine bila mtu kuuliza gari linatetemeka mara ngapi kwa sekunde. Swali hilo litangulie spana. Kila kinachozunguka kwenye gari kina kasi yake, na kikiwa na kasoro hulitikisa gari kwa kufuata mizunguko yake chenyewe.

Chukua Hilux yenye tairi za 265/65R17. Mzingo wa tairi hiyo ni takriban mita 2.44, na gari la kilomita 100 kwa saa hukata mita 27.8 kila sekunde. Kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 11 na ushee kwa sekunde. Difu ikiwa ya uwiano wa 3.9, propela shafti inazunguka mara 44 ndani ya sekunde hiyohiyo. Hata mwili unatofautisha: mara 11 ni mtikiso unaochezesha usukani na kiti, mara 44 ni mvumo unaopanda miguuni kupitia sakafu. Asiyeamini mwili wake ana simu. Programu ya kupima mtetemo itaonyesha namba, mradi isomwe na abiria, si dereva. Enjini nayo hupimwa kivyake. Barabara ikiwa nyoofu na tupu, gia iwekwe nyutro bila kuzima enjini. Mtetemo ukiendelea vilevile huku mizunguko ya enjini imeshuka, enjini haihusiki.

Fundi mzoefu atasema hesabu zote hizi ni za nini, wakati mara nyingi kosa huwa kwenye tairi. Kuanza na tairi ni sahihi kabisa. Gramu 30 za udongo uliokaukia ndani ya rimu ya inchi 17, kwa kasi hiyo ya kilomita 100, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3.4, na mvuto huo hugeuka upande mara 11 kila sekunde. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Kwa pikapu inayotoka kwenye matope, kuosha rimu upande wa ndani ni kipimo cha kwanza, na ni cha bure. Shida ni kuamini kwamba tairi iliyobalansiwa imeshavuka mtihani. Mashine ya kawaida huzungusha gurudumu hewani, bila mzigo, na inachopima ni mgawanyo wa uzito tu. Tairi iliyokatika nyuzi ndani, au rimu iliyopinda kwenye shimo, inaweza kusoma sifuri na bado isiwe duara. Hiyo inashikwa kwa jeki: gurudumu linainuliwa, bisibisi inaegemezwa juu ya tofali ncha yake ikikaribia kugusa tairi, kisha gurudumu linazungushwa polepole kwa mkono. Nafasi ikifunguka na kujifunga milimita kadhaa, risasi zote za kubalansia zilizoko dukani hazitaliponya.

Namba ikiwa 44 au maradufu yake, tairi ziachwe. Hapa hata pedali inasema: mtetemo unaokuja mafuta yakikanyagwa na kupungua mguu ukiachiliwa huelekeza kwenye krosi au pembe za propela. Krosi inayofanya kazi kwa pembe huiharakisha na kuichelewesha shafti mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya upande wa pili imewekwa ili kulifuta kosa hilo. Kwenye shafti nyingi za kipande kimoja, hilo hufanikiwa tu ikiwa masikio yanayoshika krosi kwenye ncha mbili yamelala mstari mmoja. Fundi akichomoa shafti kwenye meno yake ili atie grisi, kisha akairudisha jino moja pembeni, gari lililokuwa zima linaanza kuvuma, na krosi mpya haitasaidia kitu. Mstari wa chaki kabla ya kuchomoa unatosha kulizuia hilo. Kama haukuchorwa, masikio yatazamwe kutoka chini ya gari, shafti ichomolewe, na irudishwe jino kwa jino mpaka yalingane.