Uvira: Mwili unaofanya kazi juani unadai maji, na maji salama ndiyo shida

Kabla ya saa tano asubuhi, wabebaji wa mizigo katika bandari ya Kalundu wanakuwa tayari wamelowa jasho. Magunia yanatoka kwenye boti, yanapanda mgongoni au kichwani, yanapelekwa hadi kwenye malori. Hakuna anayeita kazi hiyo mazoezi. Lakini kwa moyo na misuli, mbebaji wa Kalundu na mwanariadha wa uwanjani wanapitia jambo lile lile. Tofauti ni kwamba mwanariadha anachagua saa ya kukimbia, na kuna mtu anayemshikia chupa ya maji.

Misuli inapofanya kazi, karibu robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inageuka kuwa kazi yenyewe. Sehemu kubwa inayobaki ni joto ndani ya mwili, nao mwili unataka kukaa karibu na nyuzi 37. Moyo unaongeza mapigo ili kupeleka damu kwenye ngozi, jasho linatoka, na likikauka linaondoka na joto. Muhimu ni kukauka. Jasho linalodondoka chini halijapoza kitu. Ndiyo maana kando ya Ziwa Tanganyika, siku ambazo hewa imejaa unyevu na upepo umelala, mtu analowa shati zima na bado anazidi kupata moto.

Mtu mzima anayebeba mizigo mizito juani anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Kwa mwenye uzito wa kilo 60, kupungukiwa maji ya kilo moja na robo hivi kunatosha kushusha nguvu zake. Damu inapungua, moyo unapiga haraka zaidi kwa mzigo ule ule, mkojo unakuwa kidogo na wa rangi nzito. Kiu yenyewe mara nyingi inachelewa kutoa taarifa.

Kwa hiyo shauri la madaktari wa michezo ni rahisi: kunywa mapema, kunywa mara kwa mara. Uvira shauri hilo linakutana na bidoni tupu.

Watafiti wa chuo cha afya ya umma cha London, London School of Hygiene & Tropical Medicine, walichunguza takwimu za mji huu za miaka ya 2009 hadi 2014. Walilinganisha siku ambazo mabomba yalitoa maji na idadi ya wagonjwa waliopokelewa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: siku isiyo na maji kabisa bombani ilifuatwa na ongezeko la wagonjwa la zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Bomba likikauka, watu wanarudi ziwani na mitoni.

Mbebaji mwenye kiu anabaki na njia mbili, zote mbaya: kunywa maji ya ziwa, au kuvumilia. Na kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili, sawa na jua, ila kwa kasi kubwa zaidi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa kwa kuharisha peke yake. Mtu aliyeshinda juani akafika jioni amekauka nusu hana akiba ya kupigana na ugonjwa huo.

Jasho linatoka na chumvi pia. Anayekunywa maji matupu kwa wingi siku nzima bila kula anaweza kuumwa kichwa, kutapika, hata kuchanganyikiwa kwa sababu chumvi ya damu imeshuka. Chakula cha mchana chenye chumvi kinasaidia. Aliyeishiwa maji kwa kuharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa kituo cha afya.

Mwili unaweza kujifunza joto. Ndani ya siku 7 hadi 14 za kufanya kazi juani, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na linabeba chumvi kidogo zaidi. Asiyepewa siku hizo ndiye aliye hatarini, na vita vimewaleta wengi wa aina hiyo. Aliyekimbia kutoka nyanda za juu za Itombwe, ambako baadhi ya vilele vinapita mita 3,000, ana mwili uliozoea baridi na hewa yenye oksijeni chache. Mwili wa namna hiyo una sifa zake. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, kwenye mita 2,240, Wakenya Naftali Temu na Kipchoge Keino walitwaa dhahabu, wakati Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alianguka mwishoni mwa mbio na kupewa oksijeni. Lakini mapafu ya mlimani hayamfundishi mtu kutoa jasho. Akishuka Uvira na kupata kibarua kesho yake, anayemwajiri angempa nusu ya mzigo kwa siku za mwanzo.

Mtu akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuanguka, joto la mwili wake huenda limepita nyuzi 40. Hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Awekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mengi na kupepewa bila kusubiri gari la kumpeleka hospitali. Hapo maji ya ziwa yanafaa, maana ni ya kumwagia mwili. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Wabebaji wenye uzoefu wanajua kuanza saa kumi na mbili alfajiri na kupumzika jua likiwa kali, hasa Agosti na Septemba kabla ya mvua. Lakini boti haifuati saa ya jua. Ikifika saa saba mchana, mizigo inashushwa saa saba, na anayekataa anakuta mwingine amechukua gunia lake.