Mwandishi wa gazeti aliyemwambia mfalme ukweli

Mpenzi msomaji, jina la Leopold wa Pili unalijua. Lakini George Washington Williams unamjua? Huyu mtu alifika hapa kwetu Kongo, akaona kwa macho yake, akaandika. Sikia habari yake.

Alizaliwa mwaka 1849 ku Pennsylvania, Marekani, katika jamaa ya watu weusi. Na miaka 14 tu akaingia jeshi lililopigana vita ya kumaliza utumwa. Kiisha vita akarudi ku masomo, akawa mchungaji.

Mwaka 1875 akaanzisha gazeti mu Washington, The Commoner. Kiisha miezi michache likakufa. Lakini Williams hakutupa kalamu. Akahamia Cincinnati, na mwaka 1879 watu wakamchagua kuwa mbunge wa jimbo la Ohio: mweusi wa kwanza kuingia mule. Alipotoka akatunga vitabu vya historia ya watu weusi wa Marekani.

Mwaka 1889 alionana na Leopold mu Bruxelles, akamsifu sana. Mfalme akamwomba asiende Kongo kwanza. Yeye akaenda. Mwaka 1890 akapanda mto mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Pale pale, mwezi wa Julai, akamwandikia mfalme barua ya wazi. Akahesabu makosa moja moja: machifu walidanganywa juu ya udongo yao, askari wananyang'anya chakula ya vijiji, watu wanafungwa minyororo, Leta yenyewe inanunua watumwa, mashule na hospitali zilizosifiwa ku Bulaya haziko.

Wakamjibu namna gani? Magazeti ya Bruxelles yakauliza: huyu anayejiita koloneli, ni koloneli kweli? Cheo kile kilikuwa na mashaka, ni kweli. Lakini, ndugu, kama cheo ni cha uongo, mnyororo shingoni mwa mtu nao ni wa uongo?

Williams akakufa Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, na miaka 41. Kaburi yake ilikaa bila jiwe mpaka 1975. Leopold naye aliachia Kongo mwaka 1908 tu, kiisha watu wengine kushuhudia mambo yale yale.

Basi msomaji, siku mtu analeta neno zito, usikimbilie kuuliza paka: "Wewe ni nani?" Uliza kwanza: "Jambo unalosema ni kweli?"