Pesa Ni Zako, Gari Liwe Lako: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuweka PIN

Umeingia yadi ya magari pale Ngong Road na kaka yako. Wewe ndiye mwenye pesa, na wewe ndiye utakayeendesha. Lakini muuzaji anamfungulia kaka boneti na kumtajia kaka bei. Ukiuliza swali, jibu linaenda kwa kaka. Gereji nako mambo ni yale yale: "Madam, hii gari imeharibika vibaya. Tuma kitu kidogo tuanze kazi."

Dada zetu wengi wanaijua hali hii. Sisi hatuwezi kumfunza muuzaji adabu. Kazi yetu ni malipo, na hapo kuna jambo moja la kukupa nguvu: pesa haziondoki hadi wewe uweke PIN. Kwa hivyo, kabla ya kila PIN, dai ushahidi kwanza.

Kabla ya kutuma dipoziti

Ukiambiwa "kuna mtu mwingine anakuja jioni, tuma elfu hamsini nikushikie," usiharakishwe. Omba nambari ya usajili wa gari, kisha ingia eCitizen, upande wa huduma za NTSA, utafute rekodi za gari hilo. Utaona jina la mwenye gari. Je, linalingana na kitambulisho cha anayekuuzia? Na nambari ya chesi kwenye rekodi ni ile ile iliyochongwa kwenye gari? Kama hapana, hakuna dipoziti.

Angalia pia kama gari lina mkopo. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuna sajili ya mali zinazohamishika zilizowekwa dhamana, nayo pia inapatikana kupitia eCitizen. Ukinunua gari ambalo bado linadaiwa, mkopeshaji anaweza kulifuata hadi kwako.

Malipo ya eCitizen hupitia Paybill 222222. Mtu akikuomba "ada ya NTSA" kwenye nambari yake ya simu, kataa.

Jina lako liwe kwenye logibuku

Hapa ndipo wengi huumia. Unatoa pesa zako, labda za chama, halafu mume, kaka au rafiki anasema, "Wacha niandikishe kwa akaunti yangu, ni rahisi." Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 8, inasema aliyeandikishwa ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye gari, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Siku mkikosana, mzigo wa kuthibitisha utakuwa wako.

Kwa hivyo fungua akaunti yako mwenyewe ya eCitizen, na uwe na PIN yako ya KRA. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Usimalizie malipo kabla uhamisho haujaanzishwa. Na hata kama ni ndugu anayekusaidia, pesa zitoke kwenye laini yako au akaunti yako ya benki. Ujumbe wa muamala wenye jina lako ni ushahidi. Noti ulizompa mtu mkononi hazina jina.

Kumbuka pia kiwango cha juu kwa kawaida ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na 500,000 kwa siku. Gari la milioni moja halilipiki kwa simu siku moja. Pesa za namna hiyo zipitishe benki hadi benki, kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba wa mauzo.

Ukifika gereji

Kabla kazi haijaanza, mwambie fundi akutumie orodha kwa ujumbe wa simu: tatizo ni nini, spea gani zinahitajika, bei ya kila moja, na pesa ya ufundi kando. Kisha lipia spea moja kwa moja dukani, kwa nambari ya Till ya duka. Jina la biashara likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuthibitisha. Fundi mlipie kazi ikiisha na umeshajaribu gari barabarani. Spea za zamani zilizotolewa, omba uzione.

Tahadhari moja: huduma ya kurudisha muamala ni ya pesa zilizopotea njia, si ya fundi aliyeharibu kazi. Ukishamlipa mtu uliyekusudia kumlipa, hatuwezi kumnyang'anya. Ndiyo maana tunasema lipa kwa hatua.

Na kama gari ni la umeme?

Gari la umeme tupu halina injini ya mafuta. Ukiona "oili ya injini" au "plagi" kwenye orodha ya fundi, hujakosea kuuliza. Lakini haibridi bado ina injini, na inahitaji vyote viwili. Magari yote haya yanahitaji matairi, breki na betri ndogo ya volti 12.

Kitu cha bei kubwa kwenye gari la umeme ni betri kuu. Ukinunua Nissan Leaf iliyotumika, angalia geji ya dashibodi, pembeni kulia. Kuna vijiti vidogo 12. Havionyeshi chaji ya leo, vinaonyesha betri bado ina uwezo kiasi gani wa kushika chaji. Kijiti cha kwanza kikipotea, takriban asilimia 15 ya uwezo huo imekwenda. Kwa kuwa vijiti vinaweza kuchezewa, mlipe fundi wako mwenyewe aje na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Huyo asiwe fundi wa yadi.

Kuhusu chaji, mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalum ya umeme kwa vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Uliza Kenya Power kama mita yako inaweza kuingia kwenye bei hiyo kabla hujapiga hesabu ya kuhama petroli.

Mwisho, usifute ujumbe wa malipo ya gari. Piga picha ya skrini, uihifadhi pamoja na mkataba na orodha za gereji. Siku utakapouza gari hilo, mnunuzi naye atataka ushahidi, na wewe utakuwa nao.