Kwa Nini Mtoto Mmoja Hufika na Mwingine Huachwa Njiani

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mzazi hulifikiri, walakini ni wachache walisemao wazi. Matokeo ya mtihani yakiisha kusomwa kijijini, watu husema, "Mtoto wa fulani ana akili, wa fulani hana." Maneno hayo hutamkwa kwa wepesi, kisha mtoto aliyeitwa mjinga huyachukua maisha yake yote. Sisi ambao kazi yetu ni kuwafundisha walimu tumeona mitihani mingi na watoto wengi, nasi twasema kwamba hukumu hiyo aghalabu si ya haki. Mtihani hupima akili ya mtoto, ni kweli. Lakini pamoja na akili hupima nyumba atokamo, njia apitayo, na lugha aliyolelewa nayo. Twataka kueleza jinsi mambo hayo yanavyofanya kazi, na lipi laweza kutendwa.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Walisema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Mwana wa mhunzi hakupewa akili kuliko wenzake, ila alizaliwa karibu na kiwanda cha baba yake. Kabla hajajua kusema vizuri alikwisha kuiona nyundo na koleo, na kusikia watu wakizungumza habari za chuma. Siku apewayo nyundo mkononi, haoni jambo geni. Ndivyo alivyo leo mtoto wa karani, wa mwalimu au wa mganga wa hospitali. Kitabu ni chombo cha nyumbani kwao. Mtoto wa mkulima au wa mfugaji hukutana na kitabu kwa mara ya kwanza siku aingiapo shuleni, kisha wote wawili huulizwa maswali yale yale kwa saa ile ile.

Tangu mwanzo mlango wa shule katika nchi zetu haukuwa mpana kwa wote. Huko Uganda, shule ya Gayaza ilifunguliwa mwaka 1905 kwa ajili ya binti za wakuu, na King's College, Budo, ikafunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya wana wao. Katika Tanganyika, Serikali ya Waingereza ilifungua shule ya Tabora mwaka 1925, nayo ilikusudiwa hasa wana wa machifu, ili waje kutawala mahali pa baba zao. Tena shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali, na fedha nyingi zaidi kwa kila mtoto zilitumika palipokuwa na watoto wachache. Mgawanyo huo uliondolewa katika Tanganyika mwanzoni mwa mwaka 1962, mara baada ya uhuru.

Mahali pa kuzaliwa nako kulikuwa na nguvu. Misheni nyingi zilikaa katika nchi za milima, penye hewa nzuri na mvua, kama Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe. Huko ndiko kahawa ilikostawi. Wachaga walianzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933; na fedha ya kahawa ikageuka ada, matofali na mishahara ya walimu. Penye pamba kidogo au mtama mtupu, na penye ukame, shule zilikuwa chache. Katika pwani Waislamu wengi walisita kuwapeleka watoto wao katika shule za misheni, kwa kuhofu kwamba watabadilishwa dini. Na hofu hiyo haikuwa bure, maana shule hizo ziliwekwa pia kwa kusudi la kuhubiri. Basi mtu akisema kwamba watu wa mahali fulani wana akili kuliko wa mahali pengine, na aulize kwanza: shule ya kwanza ilijengwa wapi, na nani alikuwa na zao la kuuza?

Hata mwana wa chifu hakuwa na hakika. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922, mwana wa chifu wa Wazanaki, naye aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere. Tufikiri kidogo. Kama mtoto huyo angalibaki nyumbani akichunga mbuzi miaka michache zaidi, nani angalijua akili iliyokuwamo ndani yake? Na wangapi walibaki machungani ambao majina yao hatutayajua kamwe?

Baada ya uhuru, viongozi walijitahidi kuupanua mlango. Ada ya shule za sekondari iliondolewa mwaka 1964. Mwezi wa Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba watoto wote wenye umri wa kusoma wawe shuleni ifikapo mwaka 1977. Walakini katika miaka ya 1980 na 1990 hali ya fedha ilikuwa ngumu, ada na michango ikarudi, na watoto wengi wakarudi nyumbani. Uganda iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003. Huko Eldoret, mwezi wa Januari 2004, mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alivaa sare akaketi darasa la kwanza pamoja na watoto. Watu wengi walicheka, bali jambo lile lilikuwa la kufikirisha: mtu alingoja karibu maisha yake yote mlango ufunguliwe. Tangu Januari 2016 shule za serikali za Tanzania hazitozi ada kutoka darasa la kwanza hata kidato cha nne.

Hapo ndipo wengi huuliza, "Kama ada imeondolewa, je, sasa watoto wote si sawa? Aliyeshindwa si amejitakia mwenyewe?" Swali hili ni la haki, na lastahili jibu kamili. Mlango umefunguliwa, lakini njia ya kufika mlangoni, na ile ya kupita ndani, si moja kwa wote. Vipo vizuizi vinne.

Kizuizi cha kwanza ni gharama zisizoitwa ada. Sare, viatu, madaftari, kalamu, chakula cha mchana, nauli au chumba cha kupanga karibu na sekondari: vyote hivi huombwa kwa mzazi. Mwenye mshahara hulipa mwisho wa mwezi. Mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, na shule hufunguliwa Januari, wakati ghala zimeanza kupungua na mbegu zinunuliwa. Hivyo mtoto mmoja huanza siku ya kwanza, na mwingine huanza majuma mengi baadaye, wenzake wakiwa mbele.

Kizuizi cha pili ni saa za mtoto. Tuseme wako watoto wawili wenye akili sawa. Mmoja huamka, hunywa chai, hufika shule ya karibu, akirudi huwasha taa akasoma. Wa pili huamka kabla ya jua, hupeleka maji nyumbani, hutembea mwendo mrefu na tumbo tupu, akirudi huchunga au huamia ndege shambani, na usiku nyumba haina taa ya kusomea. Wa kwanza apata saa mbili za kusoma kila siku; wa pili hapati hata moja. Kwa siku mia mbili za shule, tofauti yao ni saa mia nne, na kwa miaka saba ni saa elfu mbili na mia nane. Nani atashangaa siku ya mtihani? Kwa binti kazi huzidi. Yeye hupika, huosha, hulea wadogo. Na fedha ikiwa haitoshi watoto wawili, nyumba nyingi humchagua ndugu yake mwanamume. Zamani akipata mimba aliondolewa shuleni, ukawa ndio mwisho wa masomo yake. Tangu Novemba 2021 Tanzania imeruhusu arudi baada ya kujifungua. Yafaa wazazi wote waijue ruhusa hii, maana ruhusa isiyojulikana haimfai mtu.

Kizuizi cha tatu ni lugha. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali Tanzania bara hufundisha kwa Kiswahili, jambo jema, kwa kuwa mtoto huelewa upesi kwa lugha aijuayo. Lakini sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Wazazi wenye fedha, hasa mijini, huwapeleka watoto wao katika shule za watu binafsi zifundishazo kwa Kiingereza tangu chekechea. Hata wakifika kidato cha kwanza, mmoja amekuwa akiisikia lugha ile miaka minane au tisa, na mwingine yuaanza kusoma elimu ya viumbe kwa maneno asiyoyajua. Huyu wa pili hunyamaza darasani. Mwalimu asiye na busara hudhani kwamba hajui. Kumbe anajua, ila hana maneno ya kusemea.

Kizuizi cha nne hakionekani kwa macho, nacho ni kuijua njia. Mtoto wa mtu aliyesoma huambiwa mezani ni masomo gani yaongozayo kwenye udaktari au uhandisi, ni lini maombi hufungwa, na ni karatasi gani zihitajiwazo. Mtoto wa asiyesoma hana wa kumwambia. Chukueni mfano mmoja. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ili kijana asiye na fedha aweze kusoma chuo kikuu. Huyo ndiye aliyekusudiwa. Walakini mwombaji hutakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa, na aliyefiwa na mzazi hutakiwa cheti cha kifo cha mzazi huyo. Kijana wa mjini anavyo sandukuni mwa baba yake. Kijana wa kijijini huanza kuvitafuta wakati siku za maombi zimekaribia kwisha. Si akili iliyomwangusha, ni karatasi.

Watu wengine watatujibu, "Mbona fulani alikuwa maskini kabisa, naye leo ni mtu mkubwa?" Ni kweli, wako watu wa namna hiyo, nasi twawaheshimu sana. Lakini mtu mmoja hodari akiuogelea mto uliofurika akafika ng'ambo, hiyo si hoja ya kwamba daraja halihitajiki. Tena tukumbuke kwamba hasara si ya maskini peke yake. Kijana mwenye akili akiachwa njiani, kijiji kizima kimepoteza mganga, mwalimu, au fundi wa mashine ya maji. Na nchi ambayo vyeo vyake hurithiwa na nyumba chache, watu wake huacha kuaminiana, kwa kuwa kila mmoja hujua kwamba mashindano yalikwisha kabla ya kuanza.

Basi tutende nini? Mambo makubwa, kama kuleta walimu wa kutosha na kuamua lugha ya kufundishia, ni kazi ya Serikali, nasi twapaswa kuikumbusha kwa adabu na bila kuchoka. Lakini yako mambo ambayo kijiji chaweza kuyafanya chenyewe.

Kwanza, chakula cha mchana shuleni. Kila nyumba ikitoa mahindi na maharage wakati wa mavuno, mtoto wa aliye na kitu na wa asiye na kitu watakula chungu kimoja, na wote watasikia somo la alasiri. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, saa ya kusoma. Darasa moja lenye taa liwe wazi jioni, chini ya mtu mzima mwaminifu, na wazazi wakubaliane kwamba saa hiyo mtoto hatumwi, wala wa kiume wala wa kike. Tatu, cheti cha kuzaliwa kitafutwe mtoto angali mchanga, kisingojewe mpaka mtihani. Nne, kijana wa kijiji aliyefika chuoni, ajapo likizo, aombwe kuketi na wadogo zake awaeleze njia: masomo gani, maombi gani, siku gani. Hiyo ni mali isiyopungua kwa kugawanywa.

Na ninyi walimu wenzetu, tazameni madawati ya nyuma. Mtoto asinziaye asipigwe kabla ya kuulizwa aliamka saa ngapi na alikula nini. Anyamazaye kwa Kiingereza mwulizeni kwa Kiswahili, muone kama lile jambo halimo kichwani mwake. Kisha mpeni maneno ya Kiingereza moja moja, mpaka aweze kusimama mwenyewe.

Na ninyi wanafunzi, mliopewa nafasi msijivune, kwa maana sehemu ya ushindi wenu mliikuta nyumbani. Mlioanguka msiamini kwamba mmezaliwa bila akili. Ulizeni ni kizuizi kipi kilichowazuia. Kisha tafuteni mlango mwingine, kwani kuna vyuo vya ufundi, na mtihani huweza kurudiwa. Mwenye kujua kilichomwangusha ataweza kukiruka safari ya pili.

Twawaaga hapa. Matokeo mengine yatakaposomwa kijijini kwenu, kabla ya kusema ni nani mwenye akili, hesabuni kwanza saa, maji, taa na njia ya kila mtoto.