Aangukaye Mchikichini Afungweje?

Mji wa Rumonge, ulio kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, zaidi ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura, unafahamika kwa vitu viwili: samaki na mawese. Kazi zote mbili huvunja watu mifupa. Mvuvi huteleza juu ya mawe au hubanwa mguu baina ya mitumbwi. Mkwezi wa mchikichi hupanda kwa kitanzi cha kamba, panga mkononi, na mti uliokomaa waweza kupita mita 15 kwenda juu.

Anapoanguka, jambo la kwanza watu wanalofanya ni kumfunga. Ni jambo jema, lakini namna ya kufunga ndiyo inayoamua kama atautumia mkono wake tena. Mwaka 1881 daktari wa Kijerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi bandeji zilizokazwa mno zinavyoinyima misuli damu, ikafa na kusinyaa, vidole vikabaki vimekunjamana kama kucha za ndege. Mfupa waweza kuunga vizuri kabisa, na mkono wenyewe usifae kitu. Msuli uliokosa damu huanza kuharibika kabisa katika muda wa saa sita hivi.

Basi kwanza mvunjiko utambuliwe. Mguu ulioumia ulinganishwe na ule mzima. Ukiwa mfupi zaidi, umepinda mahali pasipo na kiungo, au wayo umegeukia nje, na uhesabiwe kuwa umevunjika mpaka daktari aseme vinginevyo. Mtu asiutikise ili kusikia mfupa ukisagika. Kiungo kilichoteguka nacho hubadili umbo na kugoma kusogea. Kifungwe vile vile kilivyokutwa, wala kisivutwe na rafiki mwenye nguvu.

Banzi lisikosekane kwa sababu ya umaskini. Ubao, mkeka uliokunjwa, bua la kuti la mchikichi lililoondolewa miiba, hata gazeti kama hili likikunjwa mara kadhaa, vyote vyafaa. Litandikwe nguo laini, lipite kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko, na lifungwe kwa vitambaa vipana badala ya kamba nyembamba, wala kifundo kisiwe juu ya jeraha. Pete na bangili zivuliwe mapema, kwa maana uvimbe hausubiri.

Kisha ukucha wa kidole ubonyezwe mpaka uwe mweupe, na uachiwe. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili, vitambaa vilegezwe. Kipimo hicho kirudiwe kila baada ya dakika chache njiani. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine, ni dalili ya hatari, hata kama vidole bado vina joto. Ganzi, ubaridi na kupauka huja baadaye, na aghalabu huja wakati umekwisha kupita. Waunga mifupa wa jadi wanaheshimiwa na wengi, na yeyote kati yao aweza kufanya kipimo hiki. Lakini picha ya eksirei haina mbadala, na hospitali itangulie.

Paja ni habari nyingine. Likivunjika, damu ya lita moja au zaidi huweza kujificha ndani ya misuli bila tone kuonekana. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi walikufa kwa mvunjiko huo, mpaka lilipoenea banzi la chuma la Hugh Owen Thomas wa Wales, na vifo vikapungua sana. Pasipo chombo hicho, mguu ulioumia ufungwe pamoja na mzima, na majeruhi afunikwe blanketi.

Mfupa ukitokeza nje ya ngozi usirudishwe ndani. Ufunikwe kwa kitambaa safi, bila majivu wala udongo, na hospitalini majeruhi apewe dawa za kuua vijidudu na sindano ya pepopunda, mapema iwezekanavyo.

Aliyeanguka kwa miguu na kulalamikia kisigino tu, mgongo wake usisahauliwe, kwani pigo lile lile hupanda hadi kwenye uti. Asinyanyuliwe kwa mikono na miguu. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja, kama gogo, na alazwe juu ya ubao mgumu. Ingobyi, ile machela ya kienyeji inayobebwa mabegani, hulegea katikati, hivyo ubao utangulizwe ndani yake.

Kifundo cha mguu huwasumbua zaidi askari na polisi. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kipimo mwaka 1992: asiyeweza kupiga hatua nne, au aumiaye akibonyezwa upande wa nyuma wa nundu ya mfupa, ndani au nje ya kifundo, apigwe picha. Wengine wapumzishe mguu, wauinue, na wauwekee kitambaa cha maji baridi kwa dakika 20. Kukanda kwa maji moto siku za mwanzo huongeza uvimbe.

Mkono wa mtoto huunga kwa wiki chache. Muundi wa mtu mzima waweza kuchukua miezi minne au zaidi. Muda wote huo vidole vilivyo nje ya plasta vichezeshwe kila siku. Mavuno yatamhitaji ndugu mwingine, na kamba mpya.